Daftari la Vipimo la Wifi Yangu

Wateja wa wifi yangu walimwita Fundi Machozi, na kwa miaka mingi jina hilo lilinikera mimi kuliko lilivyomkera yeye mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule. Mimi nilifundisha historia, kisha nikawa mkuu wa shule ya wasichana kwa miaka kumi na minne. Katika nyumba ya watu wa namna hiyo, dada wa mume anapojulikana mtaa mzima kwa kulia mbele ya televisheni, mwenye kujali jina la familia hawezi kufurahi. Nilimwambia mara nyingi. Alicheka tu.

"Wifi, kuna mtu pale sokoni anaitwa Kiroboto. Mimi na machozi yangu nimebahatika."

Nianze na chumba chake, kwa kuwa asiyekijua chumba hatamwelewa mwenyewe. Ni chumba cha mbele, chenye dirisha moja linalotazama barabara. Cherehani ya kukanyaga iko chini ya dirisha. Kuna meza ya kukatia, pasi nzito, pazia la kubadilishia nguo, na kioo kirefu kilichopasuka kona ya chini, hivi kwamba kila mteja hujiona mguu mmoja umepinda. Juu ya kabati la zipu na bitana kuna televisheni, na pembeni mwake mkebe wa biskuti wenye diski za filamu zisizopungua sitini. Maganda yake yalipotea zamani, na majina nayo yakapotea, kwa hiyo wifi alizibatiza upya. Ile ya Kijiko. Ile ya Kituo. Ile ya Mzee wa Pasi.

Ile ya Kijiko ndiyo aliyonisimulia mara nyingi zaidi. Mpishi wa gerezani anagawa chakula, anamwona mfungwa mzee akishika kijiko kwa ngumi kama mtoto, na hapo anajua kwamba yule ni baba yake aliyepotea.

"Kijiko tu, wifi!" alikuwa akisema, cherehani imesimama. "Hakuna aliyesema neno. Anamwongezea maharage, basi. Mimi hapo huwa sijiwezi kabisa."

"Si ungetafuta filamu za kuchekesha?"

"Kucheka nacheka na wateja. Sina haja ya diski."

Ufundi wake haukuwa na dosari, na hilo sikulipinga hata nilipokuwa na hasira naye. Alishona akitazama. Macho yalikwenda juu kwenye filamu, yakashuka kwenye sindano, yakapanda tena, na mshono ulitoka umenyooka kama mstari wa rula. Jambo moja tu liliwahi kumharibikia. Miaka mingi iliyopita chozi lilidondoka kwenye satini ya bibi harusi, likaacha duara kama la chini ya glasi. Alifumua kipande kizima cha mbele, akakata kingine, akashona upya. Tangu siku ile alijiwekea sharti: akihisi machozi yanakuja, husukuma kitambaa pembeni, huinama, hujifuta kwa mkono wa blauzi, hukagua mapajani kama kuna tone, ndipo hurudisha macho kwenye filamu. Mwili wake ulizoea kufanya hivyo wenyewe, kama mama anavyomsogeza mtoto mbali na jiko bila kukatiza mazungumzo.

Na alikuwa na daftari. Kubwa, la jalada gumu, la vipimo vya wateja. Kila mteja na ukurasa wake. Juu ya ukurasa, kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu. Chini palibaki nafasi, na wifi yangu si mtu wa kuacha nafasi ikae bure. Filamu ilipokwisha, moyo ungali moto, alichukua kalamu akaandika alivyoguswa, pale pale kwenye ukurasa uliokuwa wazi, yaani chini ya vipimo vya mtu aliyekuwa akimshonea siku hiyo. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani daftari la vipimo ni la vipimo.

Binti yangu wa pekee ni mfamasia. Alipochumbiwa na kijana mpima ardhi, kijana wa adabu, anayesikiliza kabla ya kujibu, nilishukuru kimyakimya na kuanza kupanga orodha ya wageni. Mama wa kijana alikuwa muuguzi mstaafu, mjane kama mimi, mwanamke mrefu aliyetembea kana kwamba wodi nzima bado inamngoja. Nilimheshimu mara moja. Alipokubali gauni lake la kuvaa harusini lishonwe na wifi yangu nililiona hilo kuwa jambo kubwa, maana angeweza kwenda kwenye maduka ya katikati ya mji.

Kadi zilikuwa zimeshatoka, zimebaki wiki tatu, alipokwenda kujaribu gauni mara ya pili. Yaliyotokea huko niliyapata kwa wifi mwenyewe.

"Fundi, mbona kiuno kinanibana? Ulinipima kweli au ulikuwa unalia?"

"Nilipima kweli, mama. Wewe ndiye umekula kweli."

Wakacheka wote wawili. Wifi akaingia chumba cha ndani kutafuta mkebe wa pini. Mkwe mwenzangu, amesimama na gauni lililoshikizwa kwa pini pande zote, akaona daftari mezani, akalifungua kwenye ukurasa wake ili ajionee namba ya kiuno. Kiuno, tisini na mbili. Chini ya namba, kwa mwandiko mkubwa wa wifi yangu, palikuwa pameandikwa hivi:

"Mwanamke huyu sitamsamehe. Mtoto wa miaka minne! Kamwachia bibi yake pale kituoni, kapanda treni, na hakugeuka hata mara moja. Mama gani hageuki? Halafu anarudi baada ya miaka, kapendeza, anataka aitwe mama. Nimelia mpaka kifua kinauma."

Sasa niseme jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Mkwe mwenzangu, alipokuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, alimwachia mama yake mtoto wa miaka minne katika kituo cha treni, akaenda nchi nyingine kusomea uuguzi. Alikaa huko miaka sita. Mtoto yule ndiye mpima ardhi wetu.

Wifi alipotoka na mkebe wa pini alikuta gauni limekunjwa vizuri juu ya kiti, na mlango wa mbele uko wazi.

Jioni ile, jua bado halijazama, simu yangu ililia.

"Harusi isubiri," mkwe mwenzangu alisema. Sauti yake ilikuwa shwari, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kama familia yenu ilitaka kunichunguza, ingeniuliza ana kwa ana. Sikujua kwamba mnaniandika."

"Tunakuandika wapi, mkwe wangu? Tunakuandika nini?"

"Muulize fundi wenu."

Akakata. Binti yangu, aliyekuwa akimenya machungwa pembeni, aliniona uso umenishuka akaweka kisu chini. Alimpigia mchumba wake. Kijana hakuelewa lolote zaidi yetu, mama yake amejifungia chumbani, hataki kula. Lakini alisema neno moja ambalo binti yangu alinieleza akitazama sakafu: bila baraka ya mama yake hataoa, kwa kuwa huyo mama ndiye mzazi pekee aliyebaki naye.

Asubuhi nilimwendea wifi kabla hajafungua dirisha. Alishajua kosa lake. Daftari lilikuwa mapajani mwake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona macho makavu.

"Ni Ile ya Kituo," alisema. "Ile filamu, wifi. Nilikuwa nashona gauni lake siku ile, ukurasa ulikuwa wazi. Sikumwandika yeye. Mimi nitajuaje mambo yake?"

"Miaka yote hii nakwambia! Nani anaandika filamu kwenye vipimo vya watu?"

"Mimi."

"Haya, wewe. Sasa mtoto wa kaka yako anakosa mume kwa ajili ya diski."

Nilijua nimempiga panapouma, na sikujutia, bado. Nilikaa kwenye meza ya kukatia nikatoa karatasi na kalamu. Maisha yangu yote, jambo likiharibika, nimeandika barua. Hii ilikuwa barua nzuri, kurasa mbili, yenye heshima zote. Ilisema kwamba wifi yetu ni mtu mzima ambaye siku hizi akili humchezea, huchanganya mambo, na kwamba familia inaomba radhi kwa maneno yasiyo na maana aliyoyaandika. Chini niliacha nafasi ya sahihi yake.

Aliisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole chenye kastabini.

"Hapa unasema nina wazimu."

"Nasema umechoka."

"Unasema nina wazimu kwa Kiswahili cha shule. Sawa. Hilo nitatia sahihi, jina la familia lipone. Lakini hapa." Kidole kikasimama. "'Maneno yasiyo na maana.' Hapo hapana, wifi. Nililia kweli. Yule mama aliniuma kweli. Nikisema hayana maana nitakuwa namdanganya mkwe wako mara ya pili."

Binti yangu, aliyenifuata na kusimama mlangoni, akasema, "Mama, tafadhali usipeleke barua. Barua zako zinaogopesha watu. Wazazi wa shule nzima walikuwa wakiona bahasha yako wanaketi kwanza."

"Nyamaza wewe."

"Shangazi aende na ile filamu. Basi."

Nilivuta daftari nione kama kuna hatari nyingine humo, maana nusu ya familia za mji zilikuwa na ukurasa. Nilisoma nimesimama, kisha nikakaa. Chini ya vipimo vya mke wa mwalimu: "Kijiko, mara ya tisa. Leo nimegundua hata mpishi naye anashika upawa kwa ngumi. Kumbe tunarithi na makosa. Nimefurahi huku nalia." Chini ya sare za watoto wa jirani: "Hii ya msichana anayemfundisha baba yake kusoma. Baba alipokosea neno la kwanza, akacheka, nikakumbuka kaka alivyonifundisha mimi mezani kwa mama. Mungu amlaze pema." Hakukuwa na uchongezi hata mahali pamoja. Alikuwa mtu anayetazama watu wasiokuwepo na kuwahurumia kama wa damu yake.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wangu. Vipimo vilikuwa vya gauni jeusi, la msiba wa mume wangu. Kiuno kilikuwa kimepungua kwa sentimita saba, na hiyo namba ilipigiwa mstari mara mbili. Chini yake:

"Mzee wa Pasi. Mke amekufa, na kila Jumapili anazifua nguo zake, anazipiga pasi, anazirudisha kabatini zisije zikanuka kufungiwa. Hajui kupiga pasi kola, maskini, anaanzia katikati. Nimelia zaidi kwa sababu ya kola. Wifi yangu bado hajalia. Watu wanamsifu kwamba amejikaza. Mimi leo nimelia kidogo kwa niaba yake, apumzike."

Nilifunga daftari. Nje mtu alipita akigonga chupa tupu kwenye kreti. Nilikunja barua, nikaitia kwenye mkoba, nikamwambia wifi avae viatu vizuri.

Tulifika kwa mkwe mwenzangu saa nane mchana. Alitufungulia kwa sababu hawezi kumwacha mtu mzima juani, lakini hakusema karibu. Sebule yake ilikuwa safi kama chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimepanga maneno ya kufungulia. Wifi alinitangulia.

"Mama, sikuja kuomba msamaha kwanza. Nimekuja na yule mwanamke niliyemwandika, umwone. Ukishamwona, unifukuze ukitaka." Akatoa diski kwenye mfuko wa nailoni, imefungwa kwa kipande cha flaneli.

"Ni filamu?" mkwe mwenzangu aliuliza.

"Ni filamu."

"Mmeniletea filamu."

"Ndiyo, mkwe wangu," nilisema, na nilihisi uso ukiwaka moto. Mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada, anasema ndiyo, tumekuletea filamu.

Tukakaa watatu kwenye kochi moja, maana ndilo lililotazama televisheni. Wifi alikuwa katikati, mikono imekaa mapajani haina kazi. Nilimwona akiikunja na kuikunjua. Baadaye aliniambia kwamba kwa miaka thelathini hajawahi kutazama filamu bila nguo mkononi, na kwamba alijisikia kama yuko uchi.

Filamu yenyewe ni ya zamani, rangi zimefifia. Kituo. Bibi ameshika mkono wa mtoto. Mama mdogo, karibu mtoto naye, amebeba sanduku lililofungwa kamba. Anachuchumaa, anafunga kifungo cha shati la mwanawe, anakifungua, anakifunga tena. Nilisikia pumzi ya wifi ikikatika. Mabega yake yakaanza kuinama kwa mazoea, mkono ukasukuma pembeni kitambaa ambacho hakikuwepo. Mkono ulipokosa kitu cha kusukuma, akabaki ameinua kichwa. Mama yule akapanda. Treni ikaondoka.

"Amegeuka," mkwe mwenzangu alisema.

"Hageuki," wifi alisema. "Nimeiona mara kumi na moja. Hageuki."

"Nakwambia amegeuka. Kwenye kioo cha dirisha. Rudisha."

Mwenyewe akachukua rimoti, akarudisha. Na kweli. Mama amekwishawapa mgongo, anatembea ndani ya behewa, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho, uso wake unageuka kwenye kioo, mdomo wazi, kisha unapotea. Mkwe mwenzangu akarudisha tena. Na tena.

Wifi alishika mdomo kwa viganja viwili. "Mimi hapo huwa nimeinama," alisema. "Kifungo. Kile kifungo huniliza, nami husogeza nguo isilowe. Nikiinua macho treni imekwishakwenda. Miaka yote, Mungu wangu, miaka yote namlaumu mama wa watu, kumbe mimi ndiye niliyekuwa sitazami."

Hapo mkwe mwenzangu akazima televisheni, akatuambia habari ya kituo chake mwenyewe, akitazama kioo cheusi. Mambo ya karo, ya mama mgonjwa, ya nafasi moja iliyotolewa mara moja. "Niligeuka mara tatu," alisema. "Mara mbili za kwanza umati ulimficha, na ya tatu mama alikuwa ameshamwingiza ndani asinione nikilia. Kwa hiyo yeye hakuniona. Amekua akijua kwamba sikugeuka. Na mimi sikuwahi kumwambia, maana utaanzaje? Utamwambia mtu mzima, mwanangu, niligeuka?"

Nilikuwa na kurasa mbili za Kiswahili kizuri kwenye mkoba wangu, na hakukuwa na sentensi hata moja humo iliyofaa. Wifi ndiye aliyejibu.

"Unaanza hivyo hivyo, mama. 'Niligeuka.' Na akikataa kuamini, diski hii nakuachia."

Mkwe mwenzangu alicheka, kicheko cha ghafla cha mtu ambaye uso wake umelowa. Wifi akaomba kalamu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa kiuno tisini na mbili, akaandika chini ya yale maneno, sisi sote tukitazama: "Aligeuka. Nilikuwa nimeinama. Namwomba radhi." Halafu akatoa tepu mfukoni.

"Sasa simama, nikupime upya. Tangu jana hujala, na gauni nililegeza."

Harusi ilifanyika siku iliyoandikwa kwenye kadi. Mwana na mama walizungumza kabla yake, sijui walisemezana nini, wala si haki yangu kujua. Niliona tu kwamba kijana alipomshika mkono mama yake kuingia naye ukumbini hakuuachia mpaka alipoketi. Gauni lilimkaa kama ameumbiwa. Barua yangu wifi aliniomba, akaifanya kiolezo cha kola, na mpaka leo imetundikwa ukutani kwake, neno "radhi" likisomeka kwenye mkunjo. Mkwe mwenzangu amesoma kurasa hizi. Nilikuwa nimeandika kwamba aligeuka mara mbili. Akanirudishia, amesahihisha: tatu.

Siku hizi Jumamosi baada ya chakula cha mchana nakwenda kwa wifi, na mara nyingi mkwe mwenzangu naye huja. Nina kiti changu karibu na kabati la zipu, na nina kazi. Yeye anashona, anatazama, na akifika pale panapomliza anasukuma kitambaa, anainama. Mimi natazama kwa ajili yake.

"Nini kimetokea?" anauliza, uso uko mapajani.

"Mpishi ameangalia nyuma kama kuna askari, ndipo akaongeza maharage."

"Kumbe! Aliangalia nyuma?"

"Aliangalia."

"Asante, wifi."

Anasema asante kana kwamba nimempa kitu kikubwa, na mimi huona haya, nikikumbuka nani alianza kulia kwa niaba ya nani. Karibu filamu zote za mkebe tumezitazama hivyo, na sehemu zake zilizokosekana zimeingia daftarini. Imebaki moja tu. Ile ya Mzee wa Pasi, anapofika kwenye kola, tunainama sote wawili, na hakuna kati yetu anayejua kinachotokea hapo.